NUSU YA JOHO: HISTORIA FUPI YA KUTOA NGUO NA KUJINYIMA ZAWADI WAKATI WA NOELI



Kamati yetu imeniomba niandike somo la historia katika toleo hili la ukumbusho. Kwanza nilifikiri kuandika juu ya safari yetu ya kuvuka ziwa mwaka 1996. Lakini wakati ule nilikuwa mtoto wa miaka sita, na wengi wenu mnaijua safari ile kuliko mimi. Kwa hiyo nimechagua jambo jingine, nalo limetokana na swali nililoulizwa darasani.

Wiki ile kamati ilipotangaza mchango wa Noeli kwa ajili ya familia zilizofika karibuni, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alisimama akasema: "Mwalimu, nguo hizi tunazovaa tumepewa. Sasa tunaambiwa na sisi tutoe. Mtu aliyepewa anaweza kutoa?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali hilohilo nililisikia kwa watu wazima katika foleni ya maji. Wako wanaosema kwamba kumvisha mkimbizi ni kazi ya UNHCR, si ya mkimbizi mwenzake. Wako wanaoona haya kupokea. Wako pia wanaodhani kwamba kutoa nguo wakati wa Noeli ni desturi ya Wazungu matajiri kwa Waafrika maskini, basi. Ndugu zangu, historia haisemi hivyo. Tuifuate hatua kwa hatua.

Sweta langu la kwanza

Noeli yetu ya kwanza hapa, Desemba 1996, tuligawiwa nguo. Mimi nilipata sweta la sufu la kijani. Mikono yake ilipita vidole vyangu, na mama aliikunja mara tatu. Ndani ya ukosi palikuwa na jina la mtoto, limeandikwa kwa wino usiofutika. Sikuweza kulisoma. Kaka yangu alilisoma akasema, "Huyu ndiye mwenye sweta." Kwa siku kadhaa niliogopa kwamba mwenyewe angekuja kulidai.

Hakuja. Sweta lile nililivaa mimi, akalivaa mdogo wangu, na mwisho likawa tambara la kushikia sufuria ya moto. Lakini lile jina lilinifundisha jambo moja mapema: nyuma ya kila nguo ya msaada kuna mtu. Sikujua tu kama mtu yule alijinyima, au kama sweta lilikuwa limekwisha kumbana. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kiini cha makala haya.

Askari wa Amiens

Wakristo wanaposimulia juu ya kumvisha maskini, hadithi inayotajwa mara nyingi ni ya Martino. Alikuwa askari katika jeshi la Kirumi, karne ya 4, huko Gaul, ambayo leo ni Ufaransa. Inasimuliwa kwamba siku ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens, alimkuta ombaomba asiye na nguo. Martino hakuwa na fedha. Alichomoa upanga, akalikata joho lake vipande viwili, akampa yule maskini nusu, naye akabaki na nusu. Baadaye akawa Askofu wa Tours. Alifariki mwaka 397, na sikukuu yake ni tarehe 11 Novemba, wakati baridi ya Ulaya inapoanza na watu wanapojiandaa kwa Noeli.

Angalieni vizuri alichofanya. Hakwenda nyumbani kutafuta joho kuukuu aliloacha kulivaa. Alitoa kutoka katika lile lililokuwa mabegani mwake, na baridi ikampata na yeye. Wala hakutoa lote akabaki uchi. Waligawana. Katika nusu ile ya joho mambo mawili yamo pamoja: nguo na kujinyima. Katika karne zilizofuata mambo hayo mawili mara nyingi yalitengana.

Sanduku la tarehe 26 Desemba

Hapa Tanzania tarehe 26 Desemba ni siku ya mapumziko, na vijana wengi hudhani jina lake la Kiingereza linahusu mchezo wa ngumi. Sivyo. Jina linatokana na sanduku. Katika Uingereza ya zamani ilikuwa desturi kwamba siku baada ya Noeli mabwana waliwapa watumishi wao sanduku lenye fedha, chakula au nguo. Wengine hulihusisha jina hilo na masanduku ya sadaka yaliyofunguliwa makanisani kwa ajili ya maskini. Sheria ya mwaka 1871 iliifanya siku hiyo kuwa ya mapumziko katika mabenki ya Uingereza, na makoloni yakairithi.

Desturi hiyo ilikuwa njema, lakini ilikuwa na kasoro yake. Bwana alikula kwanza tarehe 25, na mtumishi alipewa tarehe 26. Mara nyingi kilichotolewa ni kile kilichobaki. Martino alikuwa ametoa nusu. Sanduku lilitoa mabaki.

Mtu aliyeacha kula kitamu

Mwaka 1886, Jeshi la Wokovu huko London lilikuwa na upungufu wa fedha za kazi yake ya kueneza Injili na kuwahudumia maskini. Mmoja wa maofisa wake, John Carleton, alimwambia mkuu wao, William Booth, kwamba hawezi kutoa zaidi ya alivyokwisha toa. Lakini anaweza kuacha kula kitamu cha baada ya chakula kwa mwaka mzima, na hapo atakuwa ameokoa shilingi 50 za wakati ule. Booth alilipenda wazo, ila akaona mwaka mzima ni mrefu. Akatangaza juma moja la kujinyima kwa watu wote. Hadi leo Jeshi la Wokovu lina mchango wa namna hiyo.

Miaka 5 baadaye, yaani 1891, ofisa mwingine wa jeshi hilohilo, Joseph McFee, aliweka sufuria barabarani mjini San Francisco, Marekani, karibu na gati la vivuko. Wapita njia walitupia sarafu humo ili maskini wa mji wapate chakula cha Noeli. Sufuria hizo nyekundu zingali zinaonekana katika miji ya Marekani kila Desemba. Zingatieni kwamba fedha zile hazikuvuka bahari. Zilikuwa za Wamarekani wenye njaa, katika nchi ambayo sisi hudhani haikuwahi kuwa na njaa.

Wabelgiji walipovaa mifuko ya unga

Sasa tunafika mahali ambapo wazee wetu wa Kongo watatega masikio.

Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliivamia Ubelgiji. Nchi ile ilikuwa ikinunua sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje, na sasa ilikuwa imefungwa kati ya jeshi la Wajerumani na manowari za Waingereza zilizozuia bahari. Watu wapatao milioni 7 walikabiliwa na njaa. Oktoba mwaka huo iliundwa Tume ya Msaada kwa Ubelgiji, chini ya Mmarekani Herbert Hoover, ambaye baadaye, mwaka 1929, alikuwa Rais wa nchi yake. Unga ulianza kuingia kwa meli kutoka Marekani na Kanada, na nguo zilizokusanywa zikaingia pia.

Unga ule ulikuja katika mifuko ya kitambaa cha pamba, yenye chapa ya kiwanda na jina la mji uliotoa. Wanawake wa Ubelgiji waliifua mifuko, wakaikata, wakashona mashati, magauni na nguo za watoto. Watoto wa Brussels walitembea na maandishi ya viwanda vya unga vya Marekani mgongoni. Ninyi akina mama mlioshona mapazia na mifuko ya shule kutokana na vifungashio vya msaada, mnao dada zenu huko! Mifuko mingine waliitarizi kwa nyuzi za rangi, maua na maneno ya shukrani, wakairudisha Marekani kuwa zawadi. Baadhi imehifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya kumbukumbu ya Hoover, jimbo la Iowa.

Mwaka huohuo wa 1914, watoto wa Marekani waliombwa watoe zawadi za Noeli kwa watoto wa Ulaya waliopotewa na baba zao vitani. Meli ya jeshi la wanamaji iitwayo Jason iling'oa nanga New York mwezi Novemba ikiwa imejaa nguo, viatu na vitu vya kuchezea. Ilipewa jina la Meli ya Noeli. Mizigo yake ilikuwa kwa ajili ya watoto wa pande zote mbili za vita.

Basi yule Mbelgiji, ambaye babu zetu walimjua kama bwana mwenye kiboko, siku hizohizo alikuwa kwao akipanga foleni ya mgao na kuvaa nguo za kupewa. Simweki hapa ili tumcheke. Najua pia kwamba mwaka 1916 babu zetu walibebeshwa mizigo ya jeshi la Wabelgiji hadi Kigoma na Tabora, nao hawakuwa na Meli ya Noeli. Namweka ili tuone kwamba foleni ya msaada haina rangi wala taifa. Vita humpanga yeyote.

Adui naye ana mtoto

Vita vilipokwisha mwaka 1918, njaa haikwisha. Nchi zilizoshinda ziliendelea kwa miezi kadhaa kuzuia chakula kisiingie Ujerumani na Austria. Mwingereza mmoja, Eglantyne Jebb, ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alisambaza karatasi mjini London zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana kwa njaa. Alikamatwa, akashtakiwa, akatozwa faini ya pauni 5. Inasimuliwa kwamba mwendesha mashtaka mwenyewe alimpa pauni hizo. Mei 1919, yeye na dada yake, Dorothy Buxton, walianzisha mfuko wa Save the Children, jina mnalolijua.

Novemba mwaka huo Papa Benedikto wa 15 aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima. Aliagiza kwamba tarehe 28 Desemba 1919, sikukuu ya Watoto Mashahidi, yaani siku ya 3 baada ya Noeli, makanisa yote Katoliki yakusanye michango kwa ajili ya watoto wenye njaa wa Ulaya ya Kati. Desemba 1920 aliomba tena, akiwahimiza hasa watoto wa miji yenye neema wawakumbuke wenzao, kwa kuwa Noeli ni sikukuu ya mtoto.

Huyu Jebb ndiye aliyeandika tamko la haki za mtoto ambalo Shirikisho la Mataifa lililipokea mjini Geneva mwaka 1924. Haki zile ambazo walimu tunafundishwa katika semina zilianzia kwa mama aliyekataa kwamba mtoto wa adui ni adui. Katika kambi yenye watu wa makabila yaliyopigana, somo hilo halijazeeka.

Wakimbizi wa Ulaya hapa Tanganyika

Wako vijana wasioamini nikiwaambia kwamba nchi hii iliwahi kupokea wakimbizi kutoka Ulaya. Mwaka 1942, Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Urusi ya Kisovieti kwenda Siberia na Kazakhstan walitoka kupitia Iran. Walipofika Iran, nguo zao chakavu zilichomwa moto ili kuua chawa, wakapewa nguo nyingine za msaada. Kisha maelfu yao waliletwa Afrika ya Mashariki na Kusini. Kambi kubwa kabisa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Kulikuwa na kambi nyingine Ifunda, Kidugala na Kondoa, na huko Uganda kulikuwa na Masindi na Koja.

Waliishi katika vibanda, wakajenga shule na kanisa, wakasherehekea Noeli chini ya jua la Desemba wakiwa na habari za ndugu waliopotea. Makaburi yao yako Tengeru hadi leo. Atakayepita Arusha asiache kuyatazama.

Nguo inapogeuka kuwa biashara

Wakati huohuo wa vita ya pili, wananchi wa mji wa Oxford, Uingereza, waliunda kamati mwaka 1942 kwa ajili ya watu wa Ugiriki waliokuwa wakifa njaa. Kamati hiyo ndiyo Oxfam ya leo. Baada ya vita waliomba nguo, na nguo zikaja nyingi kupita mahitaji. Miaka ya mwisho ya 1940 wakafungua duka dogo mtaa wa Broad Street, wakauza vile vilivyozidi ili wapate fedha za msaada. Maduka ya namna hiyo yakaenea Uingereza nzima.

Hapo ndipo njia ya nguo ilipobadilika. Nguo ikitolewa leo Ulaya au Marekani, kinachofaa huuzwa katika duka la hisani. Kinachobaki huuzwa kwa wafanyabiashara kwa kilo. Nguo hupangwa kwa aina, hubanwa katika marobota, hupakiwa katika makontena na kushushwa Dar es Salaam au Mombasa. Mfanyabiashara hununua robota bila kujua lina nini ndani, hulifungua, naye mchuuzi huja kuchagua. Tanzania iliiita nguo hiyo "kafa Ulaya", kisha "mitumba". Ndugu zetu wa Rwanda na Burundi huiita "caguwa", nalo ni neno letu la kuchagua.

Kwa hiyo shati ulilonunua katika soko la kambi huenda lilitolewa bure na mtu kama sadaka ya Noeli. Je, hili ni baya? Jibu lina pande mbili. Mitumba imewavisha watu wa kipato kidogo na imewapa wachuuzi wengi mkate wao wa kila siku. Lakini viwanda vyetu vya nguo vimeumia. Wazee wa Kalemie wanaikumbuka Filtisaf na king'ora chake. Kweli, mitumba haikuwa ugonjwa pekee. Kulikuwa na uporaji, vita na usimamizi mbaya. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Hapo msomaji aone: nguo iliyoanza kama sadaka inaweza kuishia kuwa ugomvi wa mataifa.

Kutoa bila kuuliza

Nina neno kwa wafanyakazi wa mashirika, na nalisema kwa heshima. Miaka fulani iliyopita tuliletewa marobota ya nguo kabla ya Noeli. Ndani mlikuwa na makoti mazito ya theluji na viatu vya kisigino kirefu. Mama mmoja jirani yetu, mwenye watoto 5, alipewa viatu hivyo. Watu walicheka. Yeye alivishika mkononi, akaenda navyo nyumbani bila kusema neno, na jioni nilimkuta analia. Hakulia kwa sababu alikosa. Alilia kwa sababu aliona kwamba aliyetuma hakumfikiria.

Wanaotuma hawakuwa na nia mbaya. Lakini ndivyo ilivyo nguo na kujinyima vinapotengana: mtu anasafisha kabati lake na kudhani ametoa. Bora robo ya mzigo iliyotanguliwa na swali, "Mnahitaji nini?"

Jibu la swali la mwanafunzi

Sasa nalirudia swali. Mtu aliyepewa anaweza kutoa?

Mwaka 1944 Mmarekani aliyeitwa Dan West, aliyekuwa amegawa maziwa kwa wakimbizi wa vita vya Hispania, alianzisha mpango wa kutoa mitamba badala ya vikombe vya maziwa. Sharti lilikuwa moja: aliyepewa mtamba ampe jirani ndama jike wa kwanza. Mpango huo, Heifer, ulifika hadi Tanzania, na desturi hiyo wafugaji huijua kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Aliyepokea habaki mpokeaji. Siku anapomkabidhi jirani ndama, yeye ni mhisani.

Ndugu zetu Waislamu nao wana funzo hilohilo. Zaka ya fitri hutolewa kabla ya swala ya Idi, ili maskini naye aamke na chakula siku ya furaha. Na aliye na ziada ya chakula cha siku hiyo hutoa, hata kama si tajiri. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kwa hiyo walimu wa shule yetu tumekubaliana kwamba mwaka huu hatuchinji mbuzi wa Noeli, wala hatununui soda. Posho ya mwalimu mkimbizi mnaijua, na mbuzi yule ndiye nyama pekee ambayo baadhi yetu tulikuwa tunaisubiri. Wako watoto wetu walionuna, wangu akiwa wa kwanza. Sikumkemea. Nilimwambia kwamba asingenuna, tusingekuwa tumejinyima kitu.

Kabla ya kukusanya fedha hizo, tuliwauliza akina mama waliofika. Hawakuomba makoti. Waliomba kanga, chupi za watoto, ndala, na sabuni ya kufulia. Hivyo ndivyo tutakavyonunua. Anayetaka kuongeza nguo, aifue, aishone palipochanika, aitie vifungo, ndipo ailete ofisi ya kamati. Na kabla ya kuileta ajiulize swali moja: je, mtoto wangu angeivaa Noeli? Kama angeivaa, ilete. Kama asingeivaa, ishikie sufuria.

Mtoto wa darasa la sita aliyeniuliza swali ameleta jana shati lake la pili. Anayo mawili.

Nawatakieni Noeli njema na mwaka wenye amani. Mungu atujalie siku moja tuisherehekee nyumbani.

Mwalimu wa historia,
kwa niaba ya walimu wa shule ya msingi kambini